Muulize Fundi: Picha imeingia kwenye XML nzima, imetoka imekufa

Barua za mwezi huu nimeziweka pamoja kwa sababu karibu zote zinalia kilio kimoja, XML (faili la maandishi lenye taarifa ndani ya vibandiko kama <jina>) imekataa, XML imegoma, XML inasema kuna herufi haifai. Ya kwanza ndo nimeijibu kwa kirefu, zingine ukishaielewa hiyo utaona zinajijibu nusu.

Shikamoo fundi. Natengeneza mfumo wa saccos moja ya hapa Morogoro, tunatakiwa tutume taarifa za wanachama kwenye mfumo mwingine kwa faili la XML: jina, namba, hisa, halafu picha ya pasipoti na picha ya sahihi. Jina na namba hazina shida ila nikiweka picha parsa (programu inayosoma XML) inagoma, inasema kuna herufi isiyoruhusiwa, mara 0x00 mara 0x1A, inategemea na picha. Nikazungushia CDATA, ikagoma vilevile. Nikaandika herufi yenyewe kwa namba, yani &#0; ikagoma tena. Mwisho nikapata regeksi (kanuni ya kutafuta herufi) ya kufuta herufi zote mbovu, sasa XML inasomeka vizuri kabisa ila picha zikifika upande wa pili hazifunguki. Naomba regeksi nzuri zaidi. – Mdau wa Saccos, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Regeksi nzuri zaidi haipo na hata ingekuwepo nisingekupa, maana hapo unachofuta sio uchafu, unafuta picha yenyewe.

Iko hivi. XML ni maandishi, basi. Toleo la 1.0 ambalo ndo dunia nzima inalitumia lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998 na ndani yake kuna orodha ya herufi gani zinaruhusiwa na zipi haziruhusiwi popote pale. Kwenye zile alama 32 za mwanzo, yani kuanzia 0x00 mpaka 0x1F, zinazoruhusiwa ni tatu tu: tabu (09), mstari mpya (0A) na ile ya kurudi mwanzo wa mstari (0D). Zilizobaki 29 ni marufuku, na marufuku yenyewe haijali umeziwekaje. CDATA kazi yake ni kukuruhusu uandike alama za < na & bila kuzigeuza, haikupi ruhusa ya kuingiza herufi ambayo haimo kwenye orodha, na juu ya hapo siku baiti zako zikipangana kwa bahati mbaya zikatoa ]]> katikati ya picha basi CDATA inafungwa hapohapo. Ile ya kuandika kwa namba nayo ni hivohivo, kwenye 1.0 namba unayoandika lazima iwe ya herufi iliyoruhusiwa, kwa hiyo &#0; na &#x1A; ni kosa kama kuziandika zenyewe.

Utaniambia, ah, si kuna XML 1.1? Ipo, ya 2004, na kweli ilifungua mlango kidogo, unaweza ukaandika alama za 1 mpaka 31 kwa namba. Ila sifuri imebaki marufuku hata huko na kwenye picha sifuri ndo zimejaa tele, af parsa nyingi hazisomi 1.1 kabisa, ile ya .NET haisomi, expat ambayo ndo iko chini ya Python haisomi. Achana nayo.

Sasa tuangalie picha yako imekufaje, maana hapa ndo patamu. Chukua PNG yoyote uifungue kwenye programu ya kuonyesha heksi (kila baiti kwa tarakimu mbili, 00 mpaka FF), baiti nane za mwanzo ni hizi kila siku: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Walioitunga PNG miaka ya tisini walizichagua makusudi kama mtego, ili faili likipitishwa mahali panapodhani ni maandishi liharibike mwanzoni kabisa na lijulikane limeharibika. Tembea nazo moja moja. 89, hii kwenye UTF-8 (mtindo wa kuandika herufi kwa baiti ambao XML inautumia kwa kawaida) haiwezi kuanza herufi, inaruhusiwa tu kuja nyuma ya baiti nyingine, kwa hiyo parsa inakataa hapo kwa hapo. 50 4E 47 ni herufi PNG, hazina neno. 0D 0A ni mwisho wa mstari wa Windows, na sheria ya XML inasema parsa ikikutana na 0D 0A inaigeuza kuwa 0A peke yake kabla hata programu yako haijaiona, kwa hiyo hata kama ungepenya kwa ujanja mwingine tayari baiti moja imeyeyuka kimyakimya bila kosa lolote kutangazwa. Na 1A ndo hiyo uliyoiona kwenye ujumbe wa kosa. Yani ndani ya baiti nane XML imekataa mara mbili na kubadilisha mara moja, na picha haijaanza bado! JPEG nayo inaanza na FF D8 FF, na FF ni baiti ambayo kwenye UTF-8 haipo kabisa, sehemu yoyote ile.

Sasa regeksi yako. Picha iliyobanwa baiti zake zimetawanyika karibu sawasawa kati ya thamani 256, na marufuku ni 29, kwa hiyo ukifuta unaondoa kama asilimia 11. Picha ya baiti 60,000 unaitoa karibu 6,800. Kwenye maandishi kufuta herufi za ajabu ni kama kuchambua mchele, unatoa mawe mchele unabaki, ila kwenye picha hakuna mawe, kila punje ni mchele. Hakuna kifungua picha kitakachokisia baiti 6,800 zilizokuwa hapo.

Na nahisi kabla ya regeksi kuna kifo kingine kilishatokea hata hukukiona. Wengi wanasoma faili la picha kwa njia ya kusomea maandishi, ReadAllText, au open(njia, 'r') af wakiona kosa wanaongeza errors='replace' ili "lipite". Likipita hivo, kila baiti isiyoeleweka inageuzwa alama moja ileile ya swali kwenye kidiamondi, ambayo kwenye UTF-8 ni baiti tatu EF BF BD. Zile 89 zimekuwa EF BF BD, zile FF zimekuwa EF BF BD, zote sura moja, hakuna wa kuzirudisha. Dalili yake ni rahisi: faili limenenepa na ukilifungua kwenye heksi unaona EF BF BD EF BF BD limejipanga kama foleni ya daladala. Ukiona hivo usipoteze muda kutafuta programu ya kutibu, nenda kwenye picha ya asili.

Dawa ni kuacha kuipeleka picha kama herufi. Igeuze baiti ziwe maandishi ya kawaida kabisa, safiri nayo hivo, ukifika igeuze irudi baiti. Njia inayotumiwa na kila mtu inaitwa Base64: inachukua baiti tatu inaziandika kwa herufi nne, na herufi zinazotumika ni 64 tu, A mpaka Z, a mpaka z, 0 mpaka 9, alama ya + na ya /, halafu = ya kujazia mwishoni ikihitajika. Angalia hizo herufi vizuri, hakuna <, hakuna &, hakuna sifuri ya siri, XML haina cha kulalamikia. Na sio ujanja wa mtaani, imeandikwa kwenye RFC 4648 ya 2006, na XML Schema yenyewe tangu 2001 ina aina inaitwa xs:base64Binary kwa kazi hii hii.

Kodi yenyewe ni mstari mmoja, cha msingi usome faili kama baiti. PHP: base64_encode(file_get_contents($njia)). C#: Convert.ToBase64String(File.ReadAllBytes(njia)). Java kuanzia ya 8: Base64.getEncoder().encodeToString(Files.readAllBytes(njia)). Python: base64.b64encode(open(njia,'rb').read()).decode('ascii'), na ile decode('ascii') ya mwisho usiiache, ukiiacha af ukafanya str() unaingiza kwenye XML b'/9j/4AAQ...' pamoja na ile b na alama za kunukuu, XML itakubali vizuri tu na mwenzako upande wa pili ndo atakesha. Kama unatumia C# na una klasi yenye byte[] basi XmlSerializer inafanya Base64 yenyewe bila kuambiwa, na Java kwa JAXB hivohivo, kwa hiyo kabla hujaandika chochote angalia kama umeshapewa bure.

Kwenye XML andika kitu kama hiki:

<picha aina="image/jpeg" ukubwa="60000" sha256="...">/9j/4AAQSkZJRg...</picha>

Ukubwa ni wa picha ya asili kabla ya kugeuzwa, na sha256 ni alama ya vidole ya baiti hizohizo za asili. Hivi viwili hakuna anayekulazimisha ila mimi nakushauri usitume bila hivyo, maana siku upande wa pili wakisema picha mbovu unawaambia wapige sha256 wao, zikilingana tatizo ni la kwao, zisipolingana tatizo liko njiani au kwako, ubishi umeisha kabla haujaanza. Picha yenyewe iweke ndani ya elementi kama hapo juu, usiiweke ndani ya atributi, mistari mipya ndani ya atributi inageuzwa nafasi na kuna dikoda (programu za kurudisha Base64 iwe baiti) hazipendi nafasi.

Fundi nimefuata ushauri wa Base64 tangu zamani na inafanya kazi, shida ni ukubwa. Tuna wanachama 1,200 kila mmoja na picha, faili limekuwa kubwa na seva inakula memori mpaka inaanguka. Afu kuna picha za hati zilizoskaniwa, hizo ndo zinakataa kabisa kusomeka zikizidi ukubwa fulani. – Msomaji, Mwanza

Hesabu yake haikwepeki, tatu zinakuwa nne, kwa hiyo nyongeza ya theluthi moja. Picha 1,200 za kilobaiti 60 ni megabaiti 72, ndani ya XML zinakuwa 96, na enkoda yako (ile inayogeuza baiti ziwe Base64) ikikata mistari kila herufi 76 inaongezeka kidogo tena. Kuna watu wanaandika kwa heksi badala ya Base64 kwa sababu inasomeka kwa macho, hiyo inazidisha mara mbili kamili, iache kwa vitu vifupi.

Ila 96 sio nyingi kiasi cha kuangusha seva. Kinachoangusha ni kulipakia faili zima kwenye memori mara moja kama mti, af kila picha inakuwepo mara mbili mara tatu, mara kama maandishi, mara kama baiti, mara kama picha iliyofunguliwa. Soma kwa mtiririko, XmlReader kwa C#, XMLReader kwa PHP, iterparse kwa Python, StAX kwa Java, chukua mwanachama mmoja, hifadhi picha yake, mtupe, njoo mwingine. Na ukiwa unaandika kwa vipande basi kila kipande kiwe na idadi ya baiti inayogawanyika kwa tatu, la sivyo zile = zitatokea katikati ya picha na dikoda itadhani imefika mwisho.

Hizo skani zinazokataa nadhani unatumia PHP au lxml ya Python, chini yao wote kuna libxml2 na yenyewe ina kikomo, kipande kimoja cha maandishi kisizidi baiti 10,000,000. Base64 ya milioni kumi ni faili la asili la kama milioni saba na nusu, kwa hiyo skani yoyote ya zaidi ya hapo inakataliwa hata kama haina kosa lolote. Kuna swichi ya kuondoa kikomo, PHP ni LIBXML_PARSEHUGE na lxml ni huge_tree=True, ila kikomo kiliwekwa kukulinda na mafaili ya watu wabaya, kwa hiyo iwashe kwa mafaili ya watu unaowajua sio kwa chochote kinachopandishwa na umma.

Na ukiniuliza mimi, kwa picha 1,200 nisingeziweka ndani ya XML kabisa. Tengeneza zipu moja, ndani yake faili moja la XML na folda ya picha, kwenye XML unaandika tu <picha faili="picha/0417.jpg" sha256="..."/> basi. Sio wazo langu, chukua faili lolote la docx ulilonalo, ligeuze jina liwe .zip ulifungue, utakuta XML zake na picha zimekaa pembeni kwenye word/media zikiwa JPEG na PNG za kawaida, Word inafanya hivo tangu Office ya 2007. Ukubwa unapungua, picha zinafunguka kwa mkono bila programu, na XML yenyewe unaweza kuisoma kwa macho tena. Base64 ibaki pale ambapo mfumo wa mwenzako unakubali XML moja tu na hauna mjadala, au vitu vidogo kama sahihi.

Mwalimu, habari za huko. Mimi ni wa Nakuru, natoa orodha ya wanafunzi kwa XML, hakuna picha hakuna nini, ni majina tu, na bado inasema baiti sio UTF-8. Cha kushangaza inagoma kwa akina Ng'ang'a na Ng'eno tu, akina Otieno na Wanjiku wanapita! – Karani wa shule, Nakuru

Njema kabisa, na hii barua nimeipenda. Mfumo haubagui kabila, unagombana na hiyo alama ya juu. Ukiandika Ng'ang'a kwenye Word yenyewe inaigeuza ile alama iliyonyooka iwe ile iliyopinda, af ukihifadhi kwa mtindo wa zamani wa Windows, ile Windows-1252, alama iliyopinda inaandikwa kwa baiti moja, 92. Juu ya XML yako kumeandikwa encoding="UTF-8", na kwenye UTF-8 hiyo 92 ikiwa peke yake haina maana, alama hiyohiyo inatakiwa iandikwe kwa baiti tatu E2 80 99. Kwa hiyo faili linasema mimi ni UTF-8 na sio kweli, na parsa imelikamata kwenye hiyo alama iliyopinda ya kwanza.

Ligeuze kweli liwe UTF-8: iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.xml > mpya.xml, au fungua Notepad++ ubadilishe humo. Kubadilisha neno kule juu tu uandike windows-1252 nayo inafanya kazi kama faili lote kweli ni la hivo, ila wengine huwa wana majina ya pande mbili, nusu yametoka Excel nusu yametoka kwenye fomu ya mtandaoni, hapo unageuza kila chanzo kivyake kabla ya kuunganisha. Ukija kuona Ngâ€™angâ€™a kwenye ripoti ndo ujue umekosea upande wa pili, UTF-8 imesomwa kama Windows-1252. Na tafadhali msifute alama ya watu ili XML ipite, Nganga sio Ng'ang'a.

Sisi tunatoa maandishi kwenye PDF tunayaweka kwenye XML, inagoma kwa 0x0C na saa ingine 0x0B. Umesema kufuta ni dhambi, sasa sisi tufanyeje? – Mtunza maktaba, Zanzibar

Nimesema kwa picha, dada. Nyie mna maandishi, hapo kufuta ni halali kabisa. 0C ni alama ya kubadili ukurasa, pdftotext inaiweka mwisho wa kila ukurasa, na 0B inatokea sana mtu akikopi maandishi yenye kukata mstari kwa Shift+Enter akayapesti mahali. Zote hazina kazi kwenye XML. Ila usizifute hivihivi, zigeuze ziwe mstari mpya, maana ukifuta neno la mwisho la ukurasa linagandana na neno la kwanza la ukurasa unaofuata na mtu akitafuta kwenye maktaba yenu halipati. Na kama ukurasa namba ngapi ni jambo mnalolihitaji, basi igeuzeni 0C iwe elementi, <ukurasa/>, taarifa isipotee.

Zilizobaki futa zote zilizo nje ya 09, 0A, 0D, 20 mpaka D7FF, E000 mpaka FFFD na 10000 mpaka 10FFFF. Onyo kwa wanaotumia C# na JavaScript: huko emoji na herufi zingine za juu zinahifadhiwa kama vipande viwili, na vipande hivyo vinaanguka kwenye ile nafasi ya D800 mpaka DFFF ambayo hapo juu tumeiruka, kwa hiyo regeksi uliyokopi bila kuangalia itakula emoji zote. JavaScript weka u mwisho wa regeksi, C# angalia jozi kwa XmlConvert.IsXmlSurrogatePair. Na chujeni wakati wa kuandika, msisubiri kusoma. ElementTree ya Python itakuandikia 0C kwenye faili bila kusema neno af kesho itakataa kulisoma faili ililoliandika yenyewe, lxml angalau inakurushia kosa palepale.

Nikiweka nywila kwenye XML kwa Base64 si inakuwa salama? Naona hata Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom, wanafanya hivo. – Msomaji, Eldoret

Hapana. Base64 haina ufunguo, yeyote anaigeuza kwa sekunde moja. Ile password ya Daraja ni shortcode (namba ya biashara), passkey (ufunguo wa siri) na muda vimeunganishwa af vikawekwa Base64 ili visafiri, kinachokulinda njiani ni HTTPS, na passkey unaitunza mwenyewe.

Natuma risiti na bili kwa XML zenye sahihi ya kidijitali. Sahihi nimeiweka Base64 sawasawa ila upande wa pili wanasema sio sahihi. Nikiiangalia kwa macho XML ni ileile. – Devu, Dar

Kwa macho ndo ileile. Wale mnaounganisha risiti za TRA au malipo ya serikali kwa GePG mnajua kuna kipande cha XML kinasainiwa af sahihi inawekwa pembeni kwa Base64, na kinachosainiwa ni baiti za kile kipande kama zilivyo, pamoja na kila nafasi na kila mstari. Ukisaini af ukaipitisha XML kwenye kitu cha kuipamba, kile kinachopanga mistari ikae vizuri, umebadilisha kilichosainiwa. Hata mhariri wa Windows kugeuza 0A kuwa 0D 0A inatosha, hata programu yako kugeuza <a></a> kuwa <a/> inatosha. Tengeneza kipande kama stringi, kisaini stringi hiyohiyo, kiunganishe na sahihi bila kukigusa, tuma. Urefu nao unakupa dokezo la haraka: sahihi ya RSA ya biti 2048 ni baiti 256, kwa Base64 inatoka herufi 344. Ukiona 44 ujue umetuma hashi (ile alama ya vidole) ya SHA-256 tupu hukusaini kitu, na nimeiona hiyo kwa watu zaidi ya mmoja.

Sisi ndo tunapokea. Tumetumiwa XML yenye Base64, parsa inaisoma vizuri ila dikoda inakataa. Tutajuaje kama kosa ni letu au lao? – Timu ya mifumo, Arusha

Anzeni na herufi za mwanzo, hazidanganyi. JPEG ikiwa Base64 inaanza na /9j/, PNG inaanza iVBORw0KGgo, PDF inaanza JVBERi0 na zipu inaanza UEsDB. Mkiona mojawapo basi aliyegeuza aligeuza baiti za kweli na tatizo liko mbele zaidi. Mkiona inaanza na 77+9, hizo ndo zile EF BF BD nilizosema juu, picha ilikufa kabla hata ya kufika kwenye Base64, warudishieni.

Baada ya hapo tafuteni herufi ngeni. Kama kuna - na _ ila hakuna + wala /, wametumia ile Base64 ya kwenye anwani za mtandao, badilisheni - iwe + na _ iwe / mambo yaishe, ila waambieni kwamba xs:base64Binary haiikubali. Kama kuna nafasi katikati katikati ya mistari na hakuna + hata moja kwenye faili lote, XML ilipitishwa kwenye fomu ya wavuti na kila + ikageuzwa nafasi, mkizirudisha mnaweza mkaokoa hizo za leo, na wao wanatakiwa waandike %2B kabla ya kutuma. Mistari mipya yenyewe sio kosa, ni enkoda tu inakata kila herufi 76, ondoeni tabu, nafasi za mwanzo wa mstari na mistari mipya kabla ya kudikodi, ila angalieni kwanza ile habari ya + maana mkiondoa nafasi kabla ya kuangalia mmeziba ushahidi.

Mkishaondoa hizo, hesabuni herufi zilizobaki bila zile = af gawanyeni kwa nne. Ikibaki sifuri sawa. Zikibaki mbili ongezeni ==, zikibaki tatu ongezeni = moja, kuna enkoda zinaacha hizo alama kwa makusudi. Ikibaki moja msihangaike, Base64 haiwezi kubaki moja hata siku moja, kuna herufi zimekatika njiani, na hata ikibaki namba nyingine angalieni urefu, maana safu ya databesi iliyo fupi inaweza kukata mwisho bila kusema, ile TEXT ya MySQL inaishia baiti 65,535 ambayo ni picha ya kama kilobaiti 48 tu. Waambieni waigeuze iwe MEDIUMTEXT, au bora zaidi wahifadhi baiti zenyewe kwenye MEDIUMBLOB na Base64 wafanye wakati wa kutuma tu, af wawatumie faili upya.